Mikwaruzo ya utando wa buibui kwenye gari jeusi: naiondoaje bila kumaliza klia (tabaka angavu la juu ya rangi)?

GariJeusi
Wakuu, salaam. Gari ni jeusi, rangi ni ya kiwandani. Kivulini linang'aa safi, ila likipigwa na jua, boneti na milango inajaa mikwaruzo myembamba inayozunguka mwanga kama utando wa buibui. Ukucha haukwami popote. Nikipaka waksi inafifia, nikiosha mara mbili tatu inarudi vilevile. Mashine ninayo, DA (ya kupolishi, inazunguka huku ikitikisika) ya mtikisiko wa milimita 15, sahani ya kubandikia pedi ya inchi 5. Nianze na kompaundi (inayokata zaidi) au polishi (laini zaidi)? Na nikishaitoa, nazuiaje isirudi?

FundiKlia
Mkuu, hiyo mikwaruzo haikuchorwa kwa duara. Imelala kila upande, ila inayoonekana ni ile tu inayokatiza mwelekeo wa mwanga. Hamisha taa uone, duara linahama nayo. Waksi inaijaza mafuta tu, na mafuta yakioshwa umerudi ulikoanzia.

Kuitoa ni kushusha uso wa klia mpaka ufikie chini ya mkwaruzo, kwa hiyo kuwa mchoyo. Klia ya kiwandani mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50 tu, na kinga ya rangi dhidi ya jua imo humo humo. Kipima unene cha kawaida kinasoma tabaka zote kwa pamoja, hakikwambii klia imebaki kiasi gani. Kitumie kulinganisha paneli: inayosoma chini kuliko nyingine huenda ilishasuguliwa, inayosoma mara mbili ya nyingine imerudiwa rangi au ina puti chini.

Anza na polishi laini na pedi laini. Kompaundi iweke pembeni kwanza. Osha gari, pulizia dawa ya kuyeyusha vumbi la chuma la breki, suuza, kisha pitisha klei (kinyunga cha kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi) yenye utelezi wa kutosha. Vaa mfuko wa nailoni mkononi, papasa rangi; ukisikia vipunje, klei haijamaliza kazi. Klei ikikudondoka chini, tupa, usiipanguse. Halafu ziba kwa tepu ya karatasi raba, plastiki zisizo na rangi na kingo za paneli. Kingo ndizo zinazotobolewa kirahisi: klia pale ni nyembamba na nguvu yote ya pedi inaangukia sehemu finyu.

Jaribu kipande kimoja cha boneti, sm 40 kwa 40, kivulini, bati likiwa limepoa. Pedi mpya ipakaze polishi nyembamba uso wote, kisha ongeza matone 4 ya ukubwa wa njegere. Sambaza kwa spidi 1, panda 4 au 5. Tembeza sm 2 hadi 3 kwa sekunde, kila mstari upande juu ya nusu ya uliotangulia, mara mbili kwa urefu na mbili kwa upana. Wengi wanakosea kwenye spidi ya mkono: wanafagia haraka, mwisho wanasema polishi haifai.

Chora mstari wa kalamu nene ubavuni mwa sahani. Mstari ukiacha kuzunguka, umekandamiza sana au umeinamisha mashine. Pedi inatetemeka tu, haikati.

Kisha futa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, karibu 15%, ili mafuta ya polishi yasikudanganye, umulike kwa tochi. Bado ipo? Badilisha pedi kwanza, weka ngumu kidogo, polishi ile ile. Kompaundi iwe hatua ya mwisho, na ukiitumia lazima urudi na polishi laini kwa sababu inaacha ukungu, na rangi nyeusi haifichi ukungu. Ikishatoka karibu yote, hiyo ndiyo njia yako kwa gari zima. Mikwaruzo michache ya ndani iache ilivyo.

KaziHaraka
Mnamchosha bure. Mashine ya mzunguko mmoja, pedi ya sufi, kompaundi, nusu siku gari limeisha.

FundiKlia
Limeisha kivulini, mkuu. Juani utakuta mistari ya hologramu inayotembea na mwanga, alama za nyuzi za sufi zenyewe. Isitoshe mashine hiyo haipungui mzunguko ukikandamiza, joto linakusanyika sehemu moja na bampa za plastiki haziondoi joto kama bati. Kwa ukucha usiokwama, hakuna sababu.

NyuziSabini
Polishi mmeshaieleza. Mimi nauliza mikwaruzo imetoka wapi, maana isipojulikana atasugua tena na tena mpaka klia iishe. Karibu yote hutokana na kuosha na kukausha: brashi za mashine za kuoshea magari, sponji moja na ndoo moja, kupangusa vumbi kavu kwa kitambaa. Chembe ya mchanga ikibanwa kati ya kitambaa na klia inachora kila inapoburutwa.

Kwa hiyo uchafu mwingi uondoke kabla hujagusa rangi. Povu likae dakika chache bila kukaukia, suuza kwa presha kuanzia juu. Kisha ndoo mbili, lita 15 au zaidi kila moja: moja ya shampuu isiyo na asidi wala magadi, moja ya maji matupu, zote na wavu chini ili mchanga ukizama usipande tena. Glavu ya maikrofaiba, siyo sponji bapa. Nyuzi zinameza chembe, sponji inazishikilia usoni. Paa kwanza, sehemu za chini ya milango na bampa ya nyuma mwisho. Kila paneli, suuza glavu kwenye maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Tairi na rimu zina ndoo na glavu zake, hazichanganywi hata siku moja.

Kukausha, tandaza taulo nene la maikrofaiba juu ya paneli, livute taratibu bila kukandamiza. Vitambaa vifuliwe peke yake, bila kilainishi cha nguo wala joto kali: kilainishi kinafunika nyuzi zisinyonye, joto linazikakamaza. Kilichodondoka chini hakigusi rangi tena, kinahamia kwenye rimu.

Ukimaliza polishi pakaa silanti au seramiki, yaani tabaka la kinga juu ya klia. Uchafu utashika kidogo na kuoshwa kutakuwa rahisi, ila usidhani ukiwa na seramiki unaweza kurudi kwenye brashi.

GariJeusi
Nashukuru sana wakuu. Nimejaribu kipande, mikwaruzo inatoka, ila vumbi jeupe ni jingi na baada ya vipande vitatu pedi haikati tena. Pia naogopa, pedi ikianza kutoka nyeusi inamaanisha nini?

FundiKlia
Vumbi: polishi imezidi, au pedi imejaa. Matone 3 yanatosha pedi ikishalowa. Kila kipande kikiisha, ipige kwa brashi ya nailoni mashine ikizunguka polepole, au ipulize kwa hewa. Kwa gari zima tafuta pedi 4 hadi 6. Iliyopata joto na kulowa inalegea, ipumzishe.

Nyeusi: zima mashine hapo hapo. Klia haina rangi, kwa hiyo ama paneli hiyo ilipigwa rangi isiyo na klia, ama umeshaipita. Jaribu kwa mkono mahali pasipoonekana kwenye paneli hiyo hiyo, kwa kitambaa cheupe na polishi kidogo. Na hapo pia pakitoka nyeusi, ni rangi isiyo na klia. Endelea kwa mkono mwepesi. Pakitoka nyeupe, ulipokuwa unasugua klia imeisha, na hapo kazi ni ya mpiga rangi.