Mnyampala, hakimu aliyetuachia ngonjera: mbona yetu inakwama jukwaani?

Chaki_Nyeupe: Wadau, naandaa ngonjera ya darasa la 6, beti 10. Kwenye karatasi imekaa sawa, ikisemwa inakwama. Halafu, kweli Mathias Mnyampala alikuwa hakimu?

Manju wa Bara: Kweli. Mgogo wa Dodoma, kazaliwa 1917, na Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alikuwa mwalimu, akawa karani wa kodi, liwali (kiongozi wa serikali aliyesikiliza mashauri ya wenyeji), kisha hakimu. Kwa maoni yangu baraza la liwali linaonekana wazi ndani ya ngonjera: huyu anadai, yule anajibu, mwisho wanapatana. Kwa hiyo usitunge shairi la kawaida ukawagawia watoto beti. Anayejibu ajibu hoja ileile, na ubishi uanze kulainika kwenye ubeti wa 7 hivi.

Kituo: Tupe mstari unaokwama tuupime.

Chaki_Nyeupe: "Mkulima shika jembe, mvua imekaribia." Nimepata mizani (silabi) 7 na 8.

Kituo: Hesabu ndiyo imekuponza. Hiyo M ya "mkulima" ni mizani kamili, ila ya "mvua" siyo. M-ku-li-ma-shi-ka-je-mbe, 8. Mvu-a-i-me-ka-ri-bi-a, 8 pia! Mtoto akiimeza M ya "mkulima", mstari unapungua silabi na kukwama. Na "mbe" ya "jembe" ni mizani moja, usiipasue. Neno zima "mbu" ndilo 2, m-bu.

Manju wa Bara: Na jukwaani, pumziko fupi kwenye kina cha kati (sauti ileile inayojirudia katikati ya mistari), refu kidogo mwisho wa mstari. Watoto wakikariri hushusha sauti palepale kwenye kina, waliokaa nyuma wasisikie vina kabisa. Waanze kwa kuyasema maneno kama wanazozana kweli uwanjani, mapigo yafuate. Pande mbili zisimame mshazari. Wakitazamana uso kwa uso, nusu ya maneno inaishia kwao wenyewe. Mstari wa mwisho wa ubeti, yaani kituo, waseme wote.

Kituo: Nyongeza kuhusu hoja. Ngonjera zilishika kasi baada ya Azimio la Arusha, 1967, washairi wa UKUTA (chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania) wakizitumia kueleza Ujamaa. Mnyampala alifariki 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka baadaye. Ukiziiga zile, angalia: mara nyingi mbishi anajulikana atashindwa tangu ubeti wa kwanza. Mkulima wako mbishi mpe sababu nzito, mathalani mbegu za mwaka jana zilikauka kwa sababu alipanda kwenye mvua ya kwanza, kisha ikakatika. Hapo anayemjibu atalazimika kufikiri.