Mrejesho: Jogoo wa jirani anayewika saa tano usiku

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza nimfanyeje jogoo wa jirani, hapa Goba, anayewika saa tano usiku kama kalipwa posho. Wengi mlishauri nimnunue, nimle. Nikaenda kweli, na shilingi 30,000 mfukoni.

Mzee alinipokea vizuri, akanivuta hadi nyuma ya banda, akanyoosha kidole juu. Taa. Taa yangu mimi, ile ya ulinzi niliyofunga ukutani baada ya kuibiwa ndoo. Kila paka akipita inawaka, inamulika banda zima, jogoo anadhani kumekucha.

"Kijana, nilikuwa nakusubiri uje kuomba radhi."

Nikamwamkia tena. Shikamoo ya pili ilitoka kwa sauti ndogo sana.

Taa nimeigeuza. Jogoo sasa anawika saa kumi na moja alfajiri, kiungwana kabisa. Ila inamulika dirisha la chumbani kwetu, na paka wa Goba hawana likizo. Ile 30,000 mama watoto kaichukua, kanunua pazia zito.

Ndoo, kwa taarifa yenu, nimeiona juzi kwa shemeji. Ina maua.