Naomba ushauri: kiini gani kwa koili ya kushusha 24V kuwa 12V, 10A?

Wakuu, habari zenu. Saketi inaswichi kwa 100 kHz. Kwa mtikisiko (kupanda na kushuka kwa mkondo) wa ampea 3 nahitaji 20 µH (mikrohenri), na kilele cha mkondo ni 11.5A. Nimebaki na viini vitatu vya kuchagua.

Ya kwanza ni duara la unga wa chuma T106-26, lile la manjano na nyeupe. AL yake (nanohenri kwa mzunguko mmoja wa waya, ikizidishwa na mraba wa idadi ya mizunguko) ni 93, hivyo mizunguko 15 inatoa kama 21 µH bila mzigo, na inapungua mkondo ukipanda. Linashiba (linafikia kikomo cha usumaku) taratibu, ila kwa 100 kHz linapata joto, na joto la muda mrefu huozesha gundi inayoshika unga. Upotevu unazidi, joto linapanda tena. Hilo ndilo linanitisha hasa, maana boksi halina feni.

Ya pili ni feraiti (kauri ya sumaku) ETD34: mizunguko 10, pengo jumla 0.6 mm (karatasi ya 0.3 mm miguu yote). Haipotezi nguvu nyingi, lakini ikipita 0.3 T (tesla) ikiwa moto inashiba ghafla na MOSFET, yaani transista inayoswichi, inaungua.

Ya tatu ni sendasti (unga wa aloi ya chuma, silikoni na alumini); iko katikati ya hizo mbili, nami naelekea huko.

Aliyepima joto la sendasti kwenye mzigo kamili bila feni, lilifika nyuzi ngapi? Na mlichagua µ60 au µ125 (kiwango cha kupitisha usumaku)?