Wasichana wananikimbia somo la kompyuta wakifika kidato cha tatu, nifanyeje?

Mwl_wa_Kompyuta: Wakuu habari za jioni. Nafundisha kompyuta sekondari ya kutwa, Morogoro. Kidato cha pili wasichana wako vizuri, mtihani wa karatasi wengine wanawaburuza wavulana. Ukifika wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu, wanayeyuka. Mwaka huu wamebaki 4 tu. Mashine zinazowaka ni 11, wanakaa watatu watatu. Ukiwauliza: "Somo la wavulana hilo, mwalimu." Kuhubiri nimehubiri, wapi!

NgosiMzee: Mwalimu usijichoshe. Hawapendi, basi.

MamaTunu: NgosiMzee, mtu atapendaje asichokigusa? Mwalimu, kwenye hao watatu, kipanya kinashikwa na nani? Enzi zetu kengele ikilia wavulana wanawahi viti, sisi bado tunadeki. Tukifika, mmoja anabofya, sisi tunanakili daftarini. Ndiyo maana karatasi tulifaulu! Weka zamu, dakika 10 kila mtu. Asiye na zamu mikono nyuma, aelekeze kwa mdomo tu.

Fundi_Kodi: Nakazia. Halafu kuna wale wenye laptop nyumbani, swali halijaisha wameshajibu, wengine wanajiona mbumbumbu. Chuo cha Harvey Mudd, California, mwaka 2006 wanawake walikuwa kama asilimia 10 ya wanaohitimu kompyuta. Wakatenganisha somo la kuanzia: waliowahi kuandika programu darasa lao, wasiowahi lao. Wajuaji wakawa wanaitwa pembeni na kuombwa kwa upole wapunguze kutamba. Miaka michache tu wakafika karibu asilimia 40. Wewe huna madarasa mawili, ila wajuaji unaweza kuwapa kazi yao ngumu. Na weka Scratch, programu ya kujifunzia kuandika programu kwa kuunganisha vipande kwenye skrini, ni bure na haihitaji intaneti. Toleo la 1.4 linaenda hata kwenye mashine chakavu.

BintiUkwaju: Ukianzisha klabu usiweke jioni. Jioni ndoo na sufuria zinatusubiri. Weka mapumziko ya mchana.

NgosiMzee: Haya, nimewasikia. Na umeme ukikatika?

MamaTunu: Wanaandika hatua za programu kwenye karatasi, babu.

Mwl_wa_Kompyuta: MamaTunu, leo nimesimama mlangoni kidato cha pili nikahesabu. Mashine 9 kati ya 11, kipanya kiko kwa mvulana. Zamu zinaanza Jumatatu, na suala la kudeki namfuata mwalimu wa usafi. Sasa hawa 4 wa kidato cha tatu, niwatawanye au wakae pamoja?

BintiUkwaju: Wawili wawili, mwalimu. Ukiwatawanya kila mmoja atakuwa mgeni kwenye meza yake.