Mrejesho: babu yetu wa Wete aliyekwenda vitani

Asalaam alaykum. Niliuliza babu, kaka yake bibi mzaa baba, kazikwa wapi. Tulichojua ni kuwa alitoka Wete kijana mbichi, akaingia jeshini, "akafia Burma."

Burma hakufika. Jina lake limo kwenye kumbukumbu ya wasio na makaburi, makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Aliyenishauri nianzie huko, Mungu akulipe. Alikuwa mpiga mizinga, ndani ya meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama chini ya dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300.

Dakika mbili! Mtoto wa Pemba, kuogelea anajua, lakini ukiwa tumbo la meli utatokea wapi?

Nilichelea kumwambia shangazi. Akanyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo kafa maji?" Nikamwambia ndiyo. "Basi shahidi huyo," akasema, maana kwetu Waislamu afaye maji huhesabiwa kafa shahidi, akaagiza mchele wa hitima, kisomo cha kumwombea marehemu. Tunasoma Ijumaa baada ya alasiri. Picha yake bado hatujaipata.