Nusu uwanja mtupu, bado mnampandisha bibi wa miaka 71 safu ya 61! Siti tupu za mpira wa vyuo Marekani

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nina hasira tangu Jumamosi, leo Jumanne bado haijapoa.

Niko Marekani mwaka wa kumi na nne sasa. Binti yangu mkubwa yuko mwaka wa pili chuo kikuu na anapiga tromboni (aina ya tarumbeta refu) kwenye bendi ya chuo, ile bendi kubwa inayoingia uwanjani kwa gwaride kabla ya mechi na wakati wa mapumziko. Kwa hiyo familia yetu, ambayo miaka yote ilikuwa Simba na Simba tu, imejikuta inakata tiketi za msimu za mpira wa Kimarekani, huu wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Chuo sikitaji jina kwa sababu mtoto bado yuko pale.

Jumamosi nilikwenda na mama yangu mzazi. Ana miaka 71, amekuja kututembelea kutoka Muheza, na magoti yanamsumbua. Tangu ashuke kwenye ndege alikuwa anasubiri kitu kimoja tu, kumwona mjukuu wake akipiga tarumbeta mbele ya watu. Siti zetu ziko safu ya 61, kona ya kaskazini. Mama alizipanda ngazi zile ameshika bomba la katikati kwa mikono miwili, kila baada ya safu kumi anasimama kuvuta pumzi. Tulipofika juu upepo ulikuwa unakata, na benchi za alumini baridi kama barafu. Akavua kanga aliyojitanda, akaikunja mara nne, akaikalia. Akatazama chini, akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Mama Neema, mbona kule chini hakuna watu? Wamechelewa?"

Mama, hawakuchelewa. Hawaji.

Kuanzia safu ya 5 mpaka ya 40 upande wetu ungeweza kuhesabu vichwa kimoja kimoja. Nyuma ya magoli yote mawili wametandika maturubai makubwa yenye rangi na nembo ya chuo, yamefunika maelfu ya siti, yamekazwa kwa kamba pembeni kama mzigo wa lori linalotoka Kariakoo. Nikamshika mama mkono tukashuka polepole mpaka safu ya 22, tukakaa. Dakika tano hazikupita, akaja kijana wa kukagua tiketi. Hizi si siti zenu, akasema. Nikamwambia kijana wangu, tazama kushoto hakuna mtu, kulia hakuna mtu, mbele safu nne nzima hazina mtu, na huyu ni bibi. Akajibu kwamba hizo ni siti za wachangiaji na yeye ameagizwa asimruhusu mtu. Simlaumu, naye ni mwanafunzi anayelipwa kwa saa. Nilitaka kuendelea kubishana, lakini mama alikuwa ameshasimama. "Twende mwanangu, tusigombane kwenye nyumba ya watu."

Tukapanda tena safu 39.

Bendi ilipoingia mapumziko ikajipanga kuelekea jukwaa kuu, kama inavyofanya siku zote. Kutoka kona yetu tuliona migongo. Wote wamevaa sare moja na kofia zenye manyoya. Mama akawa ananiuliza, "Yupi? Yule wa mwisho? Yule?" Na mimi mwenyewe nilikuwa nakisia.

Halafu robo ya tatu (mechi ina robo nne) spika zikatangaza kwamba waliohudhuria leo ni elfu arobaini na moja na ushei. Wakuu, mimi nimekulia kwenye mpira. Najua watu elfu arobaini wanavyoonekana na najua sauti yao. Pale hatukufika hata nusu ya hiyo. Wazee wa Kizungu waliokaa karibu yetu waliguna tu, wameshazoea. Mimi nilihisi ninadanganywa mchana kweupe, huku ninaliona zege tupu kwa macho yangu.

Kwa wasioujua mchezo huu unavyoendeshwa: idadi inayotangazwa kwenye mpira wa vyuo mara nyingi ni tiketi zilizouzwa au kugawiwa. Tiketi iliyosahaulika kwenye droo ya mtu nayo inahesabiwa kuwa mtazamaji. Mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal lilikusanya takwimu za tiketi zilizosomwa kwa mashine getini, likakuta kwamba kwa wastani waliopita mlangoni walikuwa kama asilimia 71 tu ya idadi iliyotangazwa. Na kulikuwa na sababu ya kuikuza idadi. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilitaka kila chuo cha daraja la juu kifikishe wastani wa watazamaji 15,000, na tiketi zilizolipiwa zilikubalika kwenye hesabu. Sharti hilo limeondolewa mwaka 2023. Mazoea ya kutangaza namba za kwenye makaratasi yamebaki.

Na hizo siti za wachangiaji ndizo zinazoniumiza zaidi. Vyuo vingi haviuzi siti nzuri kwa bei ya tiketi peke yake. Kwanza unatoa "mchango" kwa idara ya michezo, ndipo unapata haki ya kununua siti ya katikati. Miaka mingi serikali iliruhusu asilimia 80 ya mchango huo uondolewe kwenye mapato yanayokatwa kodi, mpaka sheria ya kodi ya mwishoni mwa 2017 ilipoufuta unafuu huo. Kwa hiyo siti nyingi bora zilikwenda kwa watu na makampuni ambao mechi yenyewe si hoja kwao. Mechi kubwa watakuja. Mechi ya kawaida, saa sita mchana, baridi ya Novemba, siti inabaki tupu na inalindwa kama ya mfalme. Sisi tuliokuja tunaadhibiwa kwa ajili ya wale ambao hawakuja. Hilo ndilo lalamiko langu lote, kama kuna asiyetaka kusoma zaidi.

Siti tupu zenyewe wala sizionei aibu. Najua zimetoka wapi. Viwanja hivi vingi vilijengwa miaka ya 1910 na 1920, wakati hakuna televisheni na Jumamosi mji mzima unakwenda uwanjani. Chuo cha Yale walifungua uwanja wao, Yale Bowl, mwaka 1914 ukiwa na siti 70,000 na zaidi. Leo una siti 61,000 na ushei, na ukiondoa siku wanapocheza na Harvard ni bahari ya mabenchi matupu. Rose Bowl kule Pasadena ulifuata mwaka 1922, ukiiga mfano wa Yale. Ndio ule ule ambao wengi wenu mnaukumbuka, Julai 1994, fainali ya Kombe la Dunia, Brazil na Italia, Roberto Baggio anapaisha penalti na watu 94,000 wanashuhudia. Chuo cha UCLA walihamia hapo mwaka 1982 ingawa chuo chao kiko Westwood, kama kilomita 40 kwa barabara, na foleni za Los Angeles hazina huruma. Septemba 2022 walicheza na chuo cha Bowling Green, wakatangaza watu 27,143 kwenye uwanja wa watu karibu 90,000. Ilikuwa idadi ndogo kuliko zote tangu wahamie pale. Nao wana maturubai yao. Mwanafunzi wa miaka 19 asiye na gari utamwambiaje apande basi mwendo wote huo, juani, wakati mechi anaionea kwenye simu kitandani?

Televisheni nayo imechangia. Inalipa pesa nyingi, kwa hiyo inapanga saa, na mara nyingine saa ya mechi inatangazwa siku sita tu kabla. Mtu mwenye zamu ya kazi anajipangaje? Ukifika, mechi inachukua zaidi ya saa tatu, na humo ndani inasimama kupisha matangazo ya biashara. Nyumbani unakwenda kuchemsha chai. Safu ya 61 unakaa na baridi, unawatazama wachezaji waliosimama.

Nitoe mfano wa nyumbani, maana mtanielewa haraka. Mechi ya watu elfu nane pale Chamazi, Azam Complex, inatetemesha. Kelele zinakurudia kifuani, mchezaji mgeni anashindwa kumsikia mwenzake. Wachukue watu wale wale elfu nane, uwatawanye kwa Mkapa penye siti 60,000, unapata mazoezi. Watu hawajapungua, umewatenganisha tu. Na hata kwa Mkapa, mechi isiyo na watu, mzunguko husogea. Watu wanajikusanya walipo wapiga ngoma, na aliyelala njaa anasahau. Hapa kila mtu amefungwa kwenye namba yake. Mmoja yuko safu ya 61, mwingine ya 14, wawili wako ng'ambo, halafu spika zinatupigia kelele tushangilie. Na nani?

Vipo vyuo vilivyoukubali ukweli, ndiyo maana sikubali kuambiwa haiwezekani. Stanford walikuwa na uwanja wa watu 85,000. Msimu wa 2005 ulipoisha wakaubomoa, na kufikia Septemba 2006 walikuwa wanacheza kwenye mpya wa watu 50,000, siti karibu na nyasi. Siku nyingi hata hizo hawazijazi, nalisema hilo wazi, lakini angalau mtu haoni mechi kwa darubini. Tulane walihangaika tangu 1975 ndani ya Superdome ya New Orleans, lile jumba la watu zaidi ya 70,000. Mwaka 2014 wakarudi chuoni kwenye uwanja wao wa watu 30,000, na wanafunzi wanatoka mabwenini kwa miguu. Northwestern, pale kando ya Chicago, waliubomoa uwanja wa 1926 uliokuwa na siti 47,000, na mpya wameupangia 35,000. Wakati wanajenga walicheza kwenye majukwaa ya muda ya watu kama 12,000, ufukweni kabisa mwa Ziwa Michigan, maji ya bluu yanaonekana nyuma ya goli. Niliitazama mechi moja ya pale kwenye runinga na nikawaonea wivu mashabiki wale. Elfu kumi na mbili! Na ilikuwa inapendeza kuliko huu uwanja wetu mara kumi.

Sisemi wabomoe wetu. Pesa hizo hawana, na wakiwa nazo watatupandishia ada ya watoto. Ninachotaka hakina gharama ya saruji. Robo ya kwanza ikiisha, siti ambayo mwenyewe hajafika ifunguliwe, tushuke tukae pamoja. Mwenye siti akija nitampisha kwa heshima zote, nimefundishwa adabu. Wazee na wenye magoti wapewe za chini tangu getini, bila kubembeleza. Wazazi wa wana bendi wawekwe mahali ambapo bendi inatazama. Na yale maelfu ya siti chini ya maturubai wapewe watoto wa shule za mji huu, bure, na mabasi ya njano yawalete. Kuna shule ya msingi dakika kumi kutoka uwanjani, nusu ya watoto wake ni wa wahamiaji, wakiwamo Wakongo wengi wanaoongea Kiswahili. Nimewauliza watoto wa majirani zangu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia mle. Wanausikia tu uwanja kutokea uani.

Kuna watakaoniambia mwenye kulipa zaidi atalalamika akiona mtu wa safu ya 61 amekaa kwake. Alalamike akiwa amekaa hapo. Akiwa nyumbani kwake, benchi lile halimsaidii kitu, na sisi linatuumiza.

Na waache uongo wa namba. Semeni leo wamekuja elfu kumi na saba, asanteni elfu kumi na saba. Mimi ningepiga makofi. Ningejua nimehesabiwa kwa sababu nimekuja, nimelipia maegesho dola 30, nimembeba mama yangu ngazi kwa ngazi.

Jumapili niliandika barua pepe kwa ofisi ya tiketi, nikaeleza yote haya kwa upole kuliko nilivyoandika hapa. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, la mashine. Linanikumbusha tarehe ya mwisho ya kulipia tiketi za msimu ujao, na bei imepanda.

Wadau mlioko huku, mliosoma au wenye watoto kwenye hivi vyuo vyenye viwanja vikubwa kuliko watu wake, kwenu wanafanyaje? Kuna aliyewahi kuruhusiwa kuhamia siti ya chini, na alizungumza na nani? Nahitaji jibu la kweli, kwa sababu mama anaondoka tarehe 20 na kabla ya hapo imebaki mechi moja ya nyumbani. Jana usiku nilimuuliza kama twende tena. Alikuwa anajichua magoti kwa dawa.

Akaniuliza, "Ni kule kule juu?"