Tupeane uzoefu: waranti inakusaidia wapi na inakutupa wapi?

Kadi Tupu (mleta mada)
Wakuu, kifaa kikigoma mwezi wa kumi na moja tangu kununuliwa ndipo mtu anakumbuka kulikuwa na kadi ya waranti kwenye boksi, na boksi lilishatupwa. Mafundi, wauzaji na mnaopokea madai, mwageni hapa: madai yanakataliwa kwa lipi hasa?

Risiti Mkononi
Mengi yanafia dukani siku ya kununua. Kadi bila namba ya kifaa, tarehe na muhuri wa muuzaji ni karatasi ya kufungia karanga. Soma namba ya mgongoni mwa kifaa na ile ya kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Herufi O ikiandikwa sifuri, kituo cha matengenezo wakiitafuta kwenye mfumo wao wataambiwa kifaa hakipo. Simu piga *#06#, uone IMEI, yaani namba yake ya utambulisho, ina tarakimu 15.
Halafu risiti. Zile laini za mashine hazina wino, karatasi yenyewe ina kemikali inayoweka weusi ikipashwa joto. Ukiiacha kwenye gari juani inaweza kuwa nyeusi yote, na ukiifungia selotepu ili idumu, gundi inafuta maandishi. Ipige picha siku hiyohiyo.

Nati Legevu
Selotepu! Umegusa penyewe.

Bomba la Shaba
La friji ndilo linalouma kuliko yote. Stika ya mlangoni imeandikwa MIAKA 10 kwa herufi kubwa. Fungua kijitabu: mara nyingi hiyo kumi ni ya kompresa, ile mota inayosukuma gesi, peke yake. Feni, bodi, gesi na ufundi ni mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo kompresa ikifa mwaka wa nne unaweza kupewa mpya bure, halafu ukalipia gesi, filta, kuchomelea na usafiri.
Sasa balaa lenyewe. Friji haigandishi, ni Jumapili, kituo kimefungwa, nyama inaanza kuvuja maji. Anaitwa fundi wa karibu. Hana mzani. Anakata kile kibomba cha kujazia, anaongeza gesi kwa kushika bomba na kusikiliza. Friji za nyumbani zinazotumia gesi ya R600a huibeba kidogo sana, mara nyingi haifiki gramu 100, na kiasi kamili kimeandikwa kwenye kibati cha nyuma. Huwezi kupima gramu 50 kwa kiganja! Jumatatu kituo wanakuja, wanaivuta friji, wanamulika tochi kwenye kibomba. Wakiona kimechomelewa upya, shaba imebadilika rangi, kompresa hawaigusi. Wanaandika "imefunguliwa", wanaomba sahihi yako, wameondoka.
Na mara nyingine ugonjwa ulikuwa relei ya kuwashia tu, kidude kidogo kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa. Dalili yake: tik, kimya dakika kadhaa, tik tena. Ukiichomoa na kuitikisa (umeme uwe umezimwa) ikalia kama njuga, imekufa.

Swali Fupi
Hiyo R600a si ndiyo inayolipuka?

Bomba la Shaba
Inawaka, ni isobuteni, ndugu moja na gesi ya kupikia. Ndiyo maana anayechomelea bomba ambalo halijatolewa gesi anacheza na roho yake. Waranti hapo ni jambo dogo.

Stika Haibanduki
Msitishane. Stika ya "ukibandua waranti imekufa" haina nguvu. Marekani wana sheria tangu 1975, Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kukufungia waranti kwa sababu tu umetumia fundi au kipuri cha nje. Mwaka 2018 FTC, tume yao ya biashara inayolinda walaji, iliziandikia kampuni barua za onyo kwa jambo hilohilo.

Kadi Nyekundu
Na wewe uko Marekani? Kituo cha kwako kinasoma masharti yaliyo kwenye kadi.

Stika Haibanduki
Nimesema nchi zinatofautiana. Umoja wa Ulaya muuzaji anabanwa miaka 2 kwa kasoro ya kifaa, hata kadi isipokuwepo. Kasome ya kwako kabla ya kunirukia.

Kadi Nyekundu
Sijakurukia, nimeuliza. Na hata huko, fundi wako akiharibu, alichoharibu hakilipwi.

Tundu la Laini
Kwenye simu wanaanza na kile kibandiko cheupe ndani ya tundu la laini. Kimekuwa chekundu? Maji yamegusa, mjadala umekwisha. Kioo kilichopasuka si kasoro ya kiwandani hata kama "kimejipasukia".

Jua Kali Paneli
Wa sola: waranti ya miaka 25 ni ya nguvu, kwamba paneli haitashuka chini ya asilimia fulani ya nguvu yake ya mwanzo, mara nyingi 80 au zaidi kidogo. Ya mwili wake, yaani fremu, kioo na kisanduku cha nyaya, ni nyingine na mara nyingi ni fupi. Nguvu hiyo hupimwa kwa mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba na seli zikiwa nyuzi 25. Paneli juani inapita nyuzi 50, hivyo kushuka kidogo mchana si dai.

Nati Legevu
Waranti ya nyongeza je? Mimi nasema msinunue. Kifaa kibovu hujitaja mapema, ndani ya ile ya bure.

Tundu la Laini
Nunua kama inafidia kuanguka na maji. Kama inarudia maneno ya kiwandani, acha. Na uliza inaanza kuhesabiwa lini. Nyingine zinaanza siku ya kununua, kwa hiyo mwaka wa kwanza unalipia ulichonacho tayari.

Swali Fupi
Wakikubadilishia kipya, saa inaanza upya?

Risiti Mkononi
Mara nyingi unaendelea na siku zilizobaki. Dai fomu ya mapokezi yenye tarehe ya kuingia na namba ya kifaa kipya. Namba ikibaki ya zamani, ukirudi tena wataambiwa kifaa hakipo.

Nati Legevu
Na fomu msiifunike selotepu.